Kwa nini herufi ya Kikorea inahama ninapoandika? Jibu kuhusu mwandiko na kibodi ya Hangul

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikijifunza herufi za Kikorea kwa kutumia jedwali lenye matamshi yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Nilisoma mahali kwamba mtu mwenye akili huzimudu kwa asubuhi moja, lakini mimi bado nasitasita, na rafiki yangu Mkorea anasema maandishi yangu ya mkono yametawanyika. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi. Mwanzoni nilikuwa ninanakili herufi moja moja kutoka kwenye jedwali, nikawa napata ㅎㅏㄴㄱㅜㄱ badala ya 한국. Nilipoweka kibodi ya Kikorea herufi zilianza kuungana, lakini zinahama: nikiandika jina la mdogo wangu Amina, kwanza inatokea 암, kisha ile m inaondoka na kwenda kwenye silabi inayofuata. Je, kibodi yangu ni mbovu? Ninunue kibodi yenye herufi za Kikorea? Na kuna haja gani ya kuhangaika na mwandiko wa mkono ilhali siku hizi kila mtu anaandika kwa simu? Nia yangu ni kuomba ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea Kusini."

Marahaba. Nianze na lile linalokusumbua zaidi: kibodi yako ni nzima, na kuhama kwa ile m ndiyo kazi inayotakiwa kufanywa na kibodi ya Kikorea. Ukisoma tena swali lako utaona kwamba mwandiko uliotawanyika, herufi zilizokataa kuungana na herufi iliyohama ni matatizo matatu yenye chanzo kimoja. Umezijifunza herufi kama orodha, moja baada ya nyingine, lakini Mkorea haandiki herufi kwa kuzipanga mstarini. Anaandika silabi, na kila silabi ni umbo moja la mraba lenye herufi mbili, tatu au nne ndani yake. Anayezijua herufi zote 24 za msingi lakini hajui zinavyokaa ndani ya mraba bado hajaanza kuandika Hangul, yaani maandishi ya Kikorea.

Kuhusu ile asubuhi moja, ondoa aibu moyoni. Maneno hayo yana asili yake. Mfalme Sejong alikamilisha herufi hizi mwishoni mwa mwaka 1443 na kuzitangaza rasmi mwaka 1446, na katika kitabu cha maelezo kilichoandamana nazo, msomi Jeong In-ji aliandika kwamba mwenye akili atazijua kabla asubuhi haijaisha, na hata aliye mzito ataweza kujifunza kwa siku 10. Wengi huishia hapo wanapoyarudia. Jeong In-ji alikuwa akiwazungumzia Wakorea, watu waliokuwa tayari wanaijua lugha, wanaojua sauti zake na maneno yake, na waliokosa tu njia nyepesi ya kuyaweka kwenye karatasi kwa sababu kabla ya hapo maandishi yalitegemea herufi za Kichina. Wewe unajifunza herufi, sauti ngeni na maneno mageni kwa wakati mmoja. Wiki kadhaa za kusitasita ni mwendo wa kawaida kabisa, na kinachokuchelewesha kwa kiasi kikubwa ni lile jedwali la Kilatini, kuliko uwezo wako.

Jedwali hilo lina madhara ya pekee kwa sisi tuliolelewa na Kiswahili. Katika Kiswahili kila irabu husomwa kama ilivyoandikwa, kwa hiyo macho yetu yakikutana na "eo" yanasoma e kisha o. Mfumo rasmi wa Korea Kusini wa kuandika Kikorea kwa Kilatini, uliotangazwa mwaka 2000, unatumia "eo" kwa irabu moja tu, ㅓ, na "eu" kwa irabu nyingine moja, ㅡ. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili hutamka Seoul kwa silabi tatu, wakati Wakorea wanaiandika 서울, silabi mbili: 서 kisha 울. Irabu hizi mbili hazimo katika Kiswahili, na hakuna herufi ya Kilatini itakayokupa sauti yake. ㅓ hutamkwa kwa kufungua mdomo kama unataka kusema o lakini bila kuviringa midomo. ㅡ hutamkwa kwa kubana taya kama unataka kusema u huku midomo imetandazwa kama ya i. Irabu nyingine za msingi ni ndugu zetu: ㅏ ni a, ㅣ ni i, ㅗ ni o, ㅜ ni u. Ushauri wangu ni kwamba lifunge jedwali lako leo, na mahali pake uweke sauti ya Mkorea halisi anayesoma silabi moja moja, huku macho yako yakitazama Hangul pekee.

Bila jedwali utazikumbukaje konsonanti? Kwa kutumia mdomo wako. Waliozibuni walichora viungo vya matamshi. Tamka k taratibu utaona shina la ulimi linapanda na kuziba koo. Umbo hilo, likitazamwa kutoka ubavuni, ndilo ㄱ. Tamka n, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu. Hiyo ni ㄴ. ㅁ ni mdomo, ㅅ ni jino, ㅇ ni koo. Kutoka maumbo haya matano nyingi kati ya nyingine hupatikana kwa kuongeza mkwaju, yaani mstari mmoja wa kalamu, pale sauti inapozidi kuwa na nguvu: ㄴ inazaa ㄷ, nayo ㄷ inazaa ㅌ, ㅁ inazaa ㅂ na ㅍ, ㅅ inazaa ㅈ na ㅊ, ㄱ inazaa ㅋ, ㅇ inazaa ㅎ. Irabu nazo zilijengwa kwa vitu vitatu: nukta ya mbingu, mstari wa mlalo wa ardhi, na mstari wa wima wa binadamu aliyesimama. Nukta ikakaa kulia kwa mstari wa wima, ikawa ㅏ. Ikakaa kushoto, ikawa ㅓ. Ikapanda juu ya mstari wa mlalo, ikawa ㅗ. Ikashuka chini, ikawa ㅜ. Ukiona mikwaju midogo miwili badala ya mmoja, ongeza sauti ya y mbele: ㅑ ni ya, ㅛ ni yo. Sijui maandishi mengine yanayotumika kila siku na taifa zima ambayo sababu ya kila umbo imeandikwa na waliolibuni wenyewe, na ni hasara kubwa kuyakariri kama alama zisizo na maana.

Sasa tuingie kwenye mraba. Umbo la irabu ndilo linaloamua mpangilio. Irabu za wima, kama ㅏ, ㅓ, ㅣ, ㅐ na ㅔ, hukaa kulia kwa konsonanti: 나, 미. Irabu za mlalo, yaani ㅗ, ㅛ, ㅜ, ㅠ na ㅡ, hukaa chini yake: 노, 무. Irabu za mchanganyiko, kama ㅘ au ㅢ, huizunguka konsonanti chini na kulia: 과, 의. Silabi ikiwa na konsonanti ya kufungia, hiyo hukaa chini kabisa, kama ㄴ katika 한 au ㄱ ya pili katika 국. Wakorea wanaiita batchim, nami hapa nitaiita konsonanti ya chini. Kiswahili chetu hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti ya chini ndiyo sehemu ambayo jicho na mkono wa Mswahili huisahau upesi. Hapo ndipo mwandiko wako unapotawanyika: unaandika konsonanti ya kwanza kwa ukubwa wake wote, unaongeza irabu pembeni, halafu unagundua kwamba bado kuna herufi ya kuweka chini na nafasi imekwisha.

Dawa yake ni daftari la hesabu lenye miraba. Tumia miraba minne, miwili juu na miwili chini, kwa silabi moja, na kabla hujaweka kalamu amua silabi nzima ina sehemu ngapi. Yenye sehemu mbili ijaze mraba wote. Yenye konsonanti ya chini iiachie hiyo theluthi moja ya urefu. Silabi zote ziwe na kimo kimoja, 나 isiwe fupi kuliko 난. Mikwaju huandikwa kutoka juu kwenda chini na kutoka kushoto kwenda kulia. ㄹ ina mikwaju mitatu: kwanza umbo la ㄱ, kisha mlalo, kisha umbo la ㄴ. ㅁ pia ni mitatu: wima wa kushoto, kisha juu na kulia kwa mkwaju mmoja, kisha chini. ㅂ ni minne: wima mbili, mlalo wa katikati, mlalo wa chini. ㅇ huanzia juu na kuzungushwa kuelekea kushoto. Usidhani utaratibu huu ni adabu tu ya walimu. Mkono unapoongeza kasi, mikwaju huanza kuungana, na ikiungana kwa utaratibu usio wa kawaida, Mkorea atashindwa kuusoma mwandiko wako hata kama kila herufi ni sahihi. Angalia pia kwamba herufi moja hubadilika kidogo kulingana na mahali pake: ㄱ ya 가 ina mkia unaopinda kushoto, lakini ㄱ ya 고, na ile ya chini katika 국, husimama wima.

Jambo jingine dogo lenye kuleta makosa mengi ni ㅇ. Hakuna silabi ya Kikorea inayoandikwa kwa irabu peke yake; ikiwa sauti inaanza na irabu, ㅇ hushika nafasi ya konsonanti bila kutamkwa, kwa hiyo a huandikwa 아. Ikikaa chini, ㅇ hiyohiyo hutamkwa kama ng' ya ng'ombe, sauti ambayo wanafunzi wa mataifa mengi huihangaikia nasi tunayo tangu utotoni. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuanza neno kwa ng', na Kikorea hakiwezi.

Ukiyashika hayo, tabia ya simu yako itaeleweka bila shida. Zile ulizokuwa unanakili kutoka kwenye jedwali, ㅎ, ㅏ, ㄴ, ni alama zinazojitegemea, kila moja na namba yake katika mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, na ukizibandika zikifuatana zitabaki kama ulivyozibandika. Silabi 한 ni alama nyingine kabisa yenye namba yake yenyewe. Mfumo huo umetenga namba 11,172 kwa ajili ya silabi za Kikorea, na hesabu yake ni wazi: konsonanti 19 za mwanzo, mara irabu 21, mara hali 28 za chini, yaani konsonanti 27 za chini pamoja na hali ya kutokuwa na konsonanti. Kazi ya kibodi ya Kikorea ni kupokea herufi unazobonyeza, kutambua kila moja inakaa wapi ndani ya silabi, na kutoa alama moja kati ya hizo 11,172. Kubandika kunakiruka kiungo hicho. Ndiyo maana hakuungi.

Na sasa Amina. Unabonyeza ㅇ, kisha ㅏ, inatokea 아. Unabonyeza ㅁ. Kibodi haijui bado utaandika nini baadaye, na konsonanti inayokuja baada ya irabu inaweza kuwa ya chini, kwa hiyo inaiweka chini: 암. Unabonyeza ㅣ. Kwa kuwa irabu haiwezi kusimama bila konsonanti mbele yake, kibodi inaelewa kwamba ile ㅁ ilikuwa mwanzo wa silabi ya pili, inaichukua na kuandika 아미. Kisha ㄴ, inatokea 아민, na ㅏ ya mwisho inaleta 아미나, jina kamili na sahihi. Unachokiona kikihama ni uamuzi wa muda unaosahihishwa. Usisimame katikati kufuta, maana ukifuta unaiharibu hesabu. Bonyeza herufi zote kwa mfululizo na uitazame silabi ikishakamilika. Katika programu nyingi silabi ambayo bado inaundwa huonyeshwa kwa mstari chini yake au kivuli, na wakati huo kitufe cha kufuta huondoa herufi moja. Silabi ikishafungwa, kitufe hicho huiondoa yote.

Swali la maana zaidi ni hili: utafanyaje ikiwa unataka konsonanti ibaki chini na silabi inayofuata ianze kwa irabu? Unabonyeza ㅇ katikati, kwa sababu ndiyo inayoshika nafasi ya konsonanti ya silabi ya pili. Hapa ndipo kibodi inapokufundisha sarufi. "Kula" ni 먹다, na shina lake ni 먹. Ukiongeza 어 unapata 먹어, lakini sikio linasikia 머거, kwa sababu katika matamshi ㄱ huvuka kwenda silabi ya pili. Anayeandika kwa kufuata sikio hubonyeza ㅁㅓㄱㅓ na kibodi humpa 머거, neno ambalo halimo katika kamusi. Tahajia ya Kikorea, tangu kanuni za pamoja zilizotolewa na chama cha wanalugha mwaka 1933, hulinda shina: 먹 huandikwa vilevile katika 먹다, 먹어 na 먹는, ingawa katika hilo la mwisho ㄱ hutamkwa ng'. Hata 한국어, jina lenyewe la lugha ya Kikorea, husikika kama 한구거. Zipo pia konsonanti mbili za chini, kama katika 없어요, "hakuna" au "haipo": bonyeza ㅇㅓㅂㅅ, kisha ㅇㅓ, kisha ㅇㅛ. Ukiisahau ㅇ ya kati, utapata 업서요. Kwa hiyo herufi ikihama na hukutaka ihame, karibu kila mara umesahau ㅇ.

Kuhusu aina ya kibodi, utakutana na majina kadhaa kwenye mipangilio ya simu, na ninakushauri uchague dubeolsik. Ni mpangilio wa kiwango cha taifa nchini Korea Kusini tangu mwaka 1982, na ndio uliopo kwenye kompyuta zao. Konsonanti ziko upande wa kushoto na irabu upande wa kulia, kwa hiyo mikono inapokezana kwa kila silabi. Kwenye kibodi ya kawaida ya Kilatini, 한국 hupatikana kwa vitufe g, k, s, r, n, r. Konsonanti za kukaza, ㄲ, ㄸ, ㅃ, ㅆ na ㅉ, hupatikana kwa kushikilia Shift pamoja na konsonanti yake ya kawaida, wala si kwa kuibonyeza mara mbili. ㅒ na ㅖ nazo huhitaji Shift. Irabu kama ㅘ huundwa kwa ㅗ kisha ㅏ, lakini ㅐ na ㅔ zina vitufe vyao, kwenye o na p, na ukijaribu kuijenga ㅐ kwa ㅏ na ㅣ, dubeolsik haitakubali.

Mpangilio wa pili, Cheonjiin, uliokuzwa na Samsung enzi za simu za vitufe, una irabu tatu tu: ㅣ, nukta, na ㅡ. Irabu zote hujengwa kwa hizo, kama zilivyobuniwa na Sejong, na kwa mtu anayeandika kwa kidole gumba kimoja ni wa haraka. Ninaupenda kama zoezi la kuelewa irabu. Kwa lengo lako hata hivyo hautoshi, kwa kuwa ustadi wake hauhamii kwenye kompyuta. Wa tatu ni sebeolsik, uliotokana na taipureta ya daktari wa macho Kong Byung-woo mwishoni mwa miaka ya 1940. Una vitufe tofauti kwa konsonanti za mwanzo na za chini, hivyo herufi haihami hata kidogo. Kiufundi naona ni bora, na wapo Wakorea wanaoutetea kwa moyo wote, lakini wanaoutumia ni wachache, na kompyuta utakayoikuta ofisini au chuoni itakuwa imepangwa kwa dubeolsik.

Usinunue kibodi mpya. Vibandiko vya herufi vinatosha ikiwa unataka kitu cha kutazama, na hata hivyo ningependelea uweke picha ya mpangilio kando ya kioo cha kompyuta na kuyazoeza macho yasishuke kwenye vidole. Kwenye Windows, ongeza Kikorea katika mipangilio ya lugha, kisha zingatia jambo moja ambalo huwakatisha tamaa wengi: ukishahamia Kikorea, programu huweza kuanza katika hali ya Kilatini, ikionyesha A kwenye kona ya chini. Bonyeza kitufe cha Alt cha upande wa kulia, A itageuka kuwa 가, na hapo ndipo Hangul itaanza kutoka.

Nikija kwenye mwandiko wa mkono, jibu la kweli linategemea mtihani utakaoufanya. Ufadhili wa serikali unaouzungumzia, Global Korea Scholarship, kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa kujifunza lugha, na mwanafunzi hutakiwa kufikia daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa kupima ujuzi wa lugha ya Kikorea, kabla ya kuingia kwenye masomo ya shahada. TOPIK I, wenye madaraja ya 1 na 2, hupima kusikiliza na kusoma tu, kwa hiyo hutaandika insha. Daraja la 3 limo katika TOPIK II, na huo una sehemu ya kuandika. Katika mtihani wa karatasi, swali la 53 hutaka silabi 200 hadi 300, na swali la 54 hutaka 600 hadi 700, kwenye karatasi ya miraba ambamo kila silabi ina mraba wake. Tangu mwaka 2023 upo pia mtihani wa kompyuta, ambao jibu huandikwa kwa kibodi. Ukikutana na ule wa karatasi huku mkono wako haujazoea, utakuwa unajua jibu na muda unakukimbia. Ukikutana na ule wa kompyuta baada ya kuzoea simu peke yake, vidole vitatafuta herufi moja moja. Jitayarishe kwa yote mawili.

Hata bila mtihani, ningekutaka uanze na mkono. Kibodi inakupangia mraba; mkono unakulazimisha uupange mwenyewe, na kila mara unapoamua kwamba ㄴ hii inakaa chini na ile inaanza silabi mpya, unafanya uamuzi uleule ambao kibodi inaufanya kwa niaba yako. Kwa mwezi wa kwanza ningegawa muda nusu kwa nusu kila siku: andika sentensi chache kwa mkono, kisha ziandike hizohizo kwa kibodi bila kutazama jedwali. Majina ya kwetu ni mazoezi mazuri kwa sababu sauti zake unazijua: 탄자니아 ni Tanzania, 케냐 ni Kenya, 킬리만자로 ni Kilimanjaro, 몸바사 ni Mombasa. Katika 탄자니아 utaona kwamba z imeandikwa kwa ㅈ, kwa kuwa Kikorea hakina z, kama kisivyo na f, v, dh wala gh. Usikae sana kwenye majina haya, maana yanakuonyesha Kiswahili kilichovaa herufi za Kikorea. Baada ya siku chache hamia kwenye maneno ya Kikorea chenyewe.

Hapo utakutana na ugumu ambao hauko mkononi wala kwenye kibodi, bali sikioni. Mtu akikusomea imla, utajuaje kama ni 불, 뿔 au 풀? La kwanza ni moto, la pili pembe ya mnyama, la tatu nyasi. Wanaozungumza Kiswahili cha mwambao wana msaada mkononi: wazee wengi wa Mombasa, Lamu na Unguja hutenganisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi, wa pili akitoka na mpumuo unaouhisi ukiweka kiganja mbele ya mdomo. Mpumuo huo ndio wa ㅍ. ㅃ haina pumzi kabisa na koo limekazwa. ㅂ iko katikati, laini, na ikiwa kati ya irabu husikika kama b. Kwa upande mwingine, usijilaumu ukishindwa kutofautisha ㅐ na ㅔ kwa sikio. Wakazi wengi wa Seoul wa leo huzitamka sawa, na 개, mbwa, na 게, kaa wa baharini, hutofautishwa kwa muktadha na kwa tahajia iliyokaririwa.

Mengi ya haya utayaweza peke yako. Mtu wa ana kwa ana unamhitaji katika hali chache ambazo usiziahirishe. Ikiwa baada ya mwezi wa mazoezi bado unakosea ㅂ, ㅃ na ㅍ katika imla, mtafute mwalimu anayeweza kuketi mbele yako na kusikia koo lako, kwa maana rekodi haikusahihishi. Ikiwa rafiki yako Mkorea bado anapata shida kukusoma, mwombe akutazame ukiandika badala ya kuangalia karatasi iliyokwisha kuandikwa, kwa sababu kosa la utaratibu wa mikwaju huonekana mkononi kuliko kwenye wino. Ikiwa unachanganya herufi zenye umbo linalogeuzwa, kama ㅏ na ㅓ au ㅗ na ㅜ, na ulikuwa na shida ya namna hiyo tangu shule ya msingi kwa b na d, mweleze mwalimu mapema; kuna mbinu za kufundishia hali hiyo, na kukariri kwa nguvu zaidi si mojawapo. Na kifundo cha mkono kikiuma kila baada ya kuandika, pumzika na umwone daktari.

Kwa walimu, ulizia ubalozi wa Korea Kusini ulio karibu nawe kuhusu madarasa na kuhusu Taasisi za King Sejong, ambazo serikali yao huzitegemeza katika nchi nyingi kwa kufundisha lugha hii. Ulizia hapohapo kituo chako cha mtihani kinatoa TOPIK ya karatasi au ya kompyuta, na uulize kabla ya kujiandikisha, ili ujue ni upande gani wa mazoezi yako uuongezee muda katika miezi ya mwisho.